Jinsi ya Kuchagua Nyumba ya Kifahari ya Mapumziko Shela, Lamu, kwa Kuzisoma Kuta Zake

Mtu anayetafuta nyumba ya kukodi kwa likizo katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, huonyeshwa kwanza picha tatu: bwawa la kuogelea, kitanda chenye chandarua cheupe, na machweo yaliyopigwa kutoka juu ya dari. Picha hizo hufanana kutoka nyumba moja hadi nyingine, na hazimwambii jambo analohitaji kulijua kabla ya kutoa fedha zake, yaani kama nyumba hiyo itampa usingizi mwema saa nane za usiku katika mwezi wa Februari, joto linapokuwa kali. Jawabu la swali hilo limo katika kuta, boriti na ua wa nyumba yenyewe. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia na marafiki wanaochanga fedha ili wakodi nyumba nzima kwa wiki moja au zaidi, kwa kuwa gharama yake si ndogo, na kwa kuwa nyumba nzuri za Waswahili zinastahili kukaliwa na watu wanaozielewa.

Shela iko kiasi cha kilomita 3 kutoka mji wa Lamu, mahali ambapo mkondo wa bahari unaotenganisha Lamu na Manda unapofungukia bahari kuu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini wengi wanaokwenda kupumzika hulala Shela kwa sababu ya ufuo wake wa mchanga wenye urefu wa kilomita 12 hivi. Nyumba za kifahari za hapo ni za aina tatu. Zipo nyumba kongwe za mawe zilizofanyiwa ukarabati. Zipo nyumba mpya zilizojengwa na mafundi wa huko kwa mawe, chokaa na boriti kama za zamani. Na zipo nyumba za saruji na nondo zilizopambwa kwa juu ili zifanane na hizo mbili. Aina ya tatu inaweza kumfaa mtu, lakini isilipiwe bei ya aina ya kwanza.

Ukuta ndio wa kwanza kuulizwa

Mawe ya kuta ni matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, na sehemu kubwa ya mawe hayo hukatwa kisiwani Manda, ambako wakataji mawe wa kijiji cha Maweni wanaendelea na kazi hiyo mpaka leo. Kwa sehemu zinazotakiwa kuchongwa, kama vile kingo za milango na mapambo, mafundi wa zamani walitumia matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo hukatika kwa urahisi yakiwa bado mabichi na kuwa magumu yanapokauka. Chokaa nayo hupatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuri la kuni, kisha kuyamwagia maji mpaka yawe unga mweupe. Ukuta unaojengwa hivyo huwa na unene wa nusu mita hivi, hivyo huchelewa kupokea joto la mchana, na vyumba vya chini hubaki na ubaridi mpaka alasiri.

Sifa iliyo kubwa zaidi ni kwamba ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia kwa mvua hupata njia ya kutoka kupitia lipu. Fundi asiyejua kazi anapoupaka ukuta huo lipu ya saruji na rangi ya plastiki, ule unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi ya bahari, na chumvi inapokauka hutanuka na kuisukuma lipu itoke. Miaka kadhaa iliyopita mimi na ndugu zangu tulikodi nyumba iliyotangazwa kuwa kongwe na iliyokarabatiwa kwa ustadi. Kila asubuhi tulikuta mito ya vitanda imefunikwa na vumbi jeupe kama unga wa muhogo, na mtoto mdogo wa dada yangu, mwenye pumu, alilazimika kulala ukumbini siku zote sita. Ukutani, juu tu ya kichwa cha kitanda, rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na ukiibonyeza kwa kidole ilipasuka na kumwaga chumvi. Tulikuwa tumeziona picha 40 za nyumba hiyo, na hakuna hata moja iliyoonyesha ukuta kwa karibu.

Kwa hiyo mwombe msimamizi wa nyumba apige simu ya video na kuielekeza kamera kwenye sehemu ya chini ya kuta, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, katika vyumba vya kulala na bafuni. Mwulize waziwazi kama lipu ni ya chokaa au ya saruji, na mara ya mwisho ilipakwa lini. Msimamizi anayeijua nyumba yake hujibu mara moja, tena kwa furaha, kwa sababu chokaa huhitaji kupakwa upya kila baada ya muda na yeye ndiye anayemwita fundi. Madoa mepesi ya unyevu katika nyumba kongwe si kasoro. Rangi iliyovimba na kumenyuka ndiyo kasoro.

Boriti na upana wa chumba

Baada ya ukuta, tazama juu. Dari ya asili hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa kwa nafasi zinazolingana, na juu yake hupangwa vipande vya mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Urefu wa boriti ndio uliowekea chumba mpaka: vyumba vingi vya zamani vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, ingawa urefu wake unaweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo. Mikoko hiyohiyo ya Lamu ilipakiwa majahazini kwa miaka mingi kupelekwa Ghuba, ndiyo maana mtu aliyezoea nyumba za kale za huko akiingia katika chumba cha Lamu huutambua upana wake kabla hajaelezwa chochote.

Ukionyeshwa sebule ya mita 6 kwa 6 isiyo na nguzo wala mhimili katikati, ukaambiwa kwamba ni ya karne ya 18, fahamu kwamba kuna boriti ya zege imefichwa mahali. Hilo pekee si kosa, lakini linakuonyesha kiasi unachoweza kuyaamini maelezo mengine ya mtu huyo. Katika nyumba ya kweli angalia pia kama boriti zimepinda kwa kushuka katikati, na kama kuna alama nyeusi za maji pale zinapoingia ukutani, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo huoza kwanza sakafu ya juu inapovuja.

Kuipitia nyumba kuanzia dakani hadi ndani

Nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, imejengwa ili isomwe kwa mpangilio, na mgeni anayeufahamu mpangilio huo hujua pia namna ya kuwagawia watu wake vyumba. Mbele ya mlango kuna daka, baraza ya mawe yenye viti vya pande mbili, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wageni wa kiume bila ya kuwaingiza kwa watu wake. Ukivuka mlango unaingia tekani, kiingilio kilichopindwa makusudi ili mpita njia asiweze kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Kutoka hapo unafika kiwanda, yaani ua usioezekwa, ambao ndio pafu la nyumba: hewa ya moto hupanda na kutokea hapo, na hewa ya baridi huvutwa kupitia vyumbani. Kinachofuata ni misana, vyumba virefu vilivyo sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka unapofika ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba.

Huko ndani ndiko sanaa ya nyumba ilipokusanywa. Ukuta mzima wa mwisho hujazwa zidaka, kama Waamu wanavyoviita vidaka, yaani safu juu ya safu za matundu madogo yenye matao yaliyofinyangwa kwa lipu na kuchongwa nakshi kwa mkono. Humo ziliwekwa sahani za kaure kutoka China, misahafu na vyombo vya thamani, na mbele ya ukuta huo ndipo bi harusi alipoonyeshwa. Ni vyema kukumbuka kwamba katika mila ya Lamu baba alimjengea binti yake nyumba, au ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, anapoolewa, na pengine aliunganisha nyumba mbili kwa wikio, yaani daraja la ghorofani linalovuka juu ya kichochoro. Chumba kinachotangazwa leo kuwa chumba kikuu cha wageni mara nyingi ndicho hicho, na kikiwa chini mimi huwapa wazee wa familia walale humo.

Ili kupambanua zidaka za mkono na zile zilizomwagwa kwa saruji katika kalibu, chagua matundu mawili yaliyo jirani na uyalinganishe. Mkono wa fundi haurudii mstari uleule sawasawa: tao moja litakuwa limeinama kidogo, jani moja la nakshi litakuwa nene zaidi, na kingo zitakuwa na ulaini wa kitu kilichopapaswa. Saa ya magharibi waombe wazime taa za umeme na waweke taa ndogo moja sakafuni, mbali na ukuta. Vivuli hujaa kwanza katika safu za chini, kisha hupanda polepole, na ukuta ulioonekana mchana kuwa mweupe mtupu huwa na kina kama wa maji. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado huacha chakula changu nikalitazame.

Kwa upande wa milango, shika kitu kimoja tu: mfaa, yaani mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili za mlango. Katika mlango uliochongwa na fundi wa Lamu, nakshi ya mfaa huzungumza na nakshi ya ubao wa juu, na nyuma ya mlango utaona alama za tezo na patasi. Mlango ulioletwa kutoka mbali na kupachikwa hapo huwa umekatwa au kuongezwa kipande ili utoshe.

Upepo kwanza, tarehe baadaye

Watu wengi huchagua tarehe, kisha nyumba. Huko Shela ni afadhali kuufikiria upepo kabla ya vyote viwili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na katika miezi hiyo bahari huwa tulivu na maji huwa safi, lakini kadiri kaskazi inavyolegea mwezi wa Machi ndivyo joto linavyozidi. Kusi huanza pamoja na masika, na Mei huwa mwezi wa mvua nyingi ambapo baadhi ya nyumba hufungwa kwa ukarabati. Kuanzia Julai hadi Septemba hewa hupoa vizuri, ila upepo huurusha mchanga ufuoni na mawimbi ya upande wa bahari kuu huwa makubwa, na hapo wenye watoto huogelea katika mkondo wa kati ya Shela na Manda wakati maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Swali la kumwuliza mwenye nyumba basi ni hili: vyumba vya juu vina madirisha upande gani, na je, kuna nyumba nyingine ndefu iliyojengwa mbele yake? Shela imeongezeka ghorofa nyingi, na nyumba iliyopokea kusi yote zamani inaweza leo kuwa imezibwa na ukuta wa jirani. Chumba kinachopata upepo wa kutosha hakihitaji kiyoyozi, na nyumba yenye kiwanda cha wazi haipozwi na kiyoyozi hata ukiiwekea vitatu. Msimamo wangu ni kwamba katika nyumba ya mawe kiyoyozi hutumika chumba kimoja tu, cha mgonjwa au cha mama mwenye mtoto mchanga, na wengine, isipokuwa wazee na watoto, walale ghorofani madirisha yakiwa wazi na chandarua zimeshushwa. Mchana wakae chini, usiku wapande juu. Ndivyo wenyewe walivyofanya.

Maji, umeme na masharti

Maji matamu ya Lamu hutokana na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huinyonya mvua na kuihifadhi chini, na visima vinavyouhudumia mji vimechimbwa huko. Nyumba yenye bwawa kubwa na bafu sita inachota katika akiba hiyohiyo ya kijiji kizima. Uliza nyumba inapata maji wapi, kama yana chumvichumvi, na matangi yanatosha siku ngapi yasipojazwa. Katika nyumba kongwe unaweza kukuta birika la mawe bafuni lenye visamaki vidogo ndani yake. Visamaki hivyo huwekwa ili kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo watoto waelezwe wasimimine sabuni humo. Kuhusu umeme, uliza kama kuna jenereta au sola, na mafuta ya jenereta analipa nani.

Kwa kawaida bei ya nyumba Shela hujumuisha mpishi, mtu wa usafi na askari wa usiku, lakini haijumuishi chakula. Mpishi hupewa fedha za sokoni kila asubuhi na kurudi na hesabu, nawe utafaidi zaidi ukimwachia aamue kufuatana na samaki waliotoka siku hiyo kuliko ukimpa orodha uliyoiandaa Nairobi au Dar es Salaam. Mwombe akupikie samaki wa kupaka na wali wa nazi, na asubuhi mahamri kwa mbaazi. Bakshishi ya watumishi ipangwe mapema katika mchango wenu, isiwe jambo la kutafutiana mifukoni siku ya kuondoka.

Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, na utaje idadi ya vyumba, tarehe, kiasi cha amana, na masharti ya kurudishiwa fedha mkishindwa kufika. Neno "ufukweni" lisipite bila ya kuelezwa: taka ujue ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi mchangani, na kama maji yakijaa njia hiyo bado inapitika. Fedha zilipwe kwa akaunti ya biashara yenye jina linalolingana na mkataba na leseni, wala si kwa namba ya simu ya mtu uliyotumiwa dakika ya mwisho.

Mambo mawili ya usalama nayasisitiza. Paa la makuti juu ya dari linapendeza na lina ubaridi, lakini hushika moto upesi mno, hivyo jiko la makaa na mishumaa visiwekwe chini yake, na mtungi wa kuzimia moto uwepo mahali mnapopajua wote. Tena ngazi za nyumba kongwe ni nyembamba, zenye vipandio virefu visivyolingana na mara nyingi bila ya mahali pa kushika. Wazee na watoto wapewe vyumba vya chini, hata kama mandhari ya juu ni nzuri zaidi.

Mkishafika

Uwanja wa ndege uko Manda, na kutoka gatini hapo mnavuka kwa boti. Wanaokuja kwa basi hushukia Mokowe na kuvuka vilevile. Kwa kuwa vichochoro vya Shela havipitiki kwa gari, mizigo hubebwa na punda au wachukuzi, na mifuko laini huwafaa wote kuliko masanduku makubwa yenye magurudumu, ambayo huzama mchangani. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga saa ya kuvuka, kwa sababu siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na boti iliyowashusha mlangoni maji yakiwa yamejaa inaweza kushindwa kuwafikia yakipwa.

Kijiji ni cha Waislamu na kina watu wake. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara mrefu uliochongoka ulijengwa mwaka 1829, na adhana yake husikika katika kila nyumba ya kukodi. Nguo za kuogelea ni za ufuoni na bwawani. Mkipita vichochoroni jifunikeni, muwasalimu walioketi barazani kwa salamu kamili, na muziki upunguzwe usiku, kwani ukuta wenu ndio ukuta wa jirani.

Ndani ya nyumba msipigilie msumari popote, msianike taulo zenye maji ya chumvi juu ya viti vya mbao vyenye nakshi wala kwenye boriti, na msiegemeze miguu yenye mafuta ya jua kwenye kuta nyeupe, kwa kuwa mafuta huingia ndani ya chokaa na hayaoshwi. Fundi hulazimika kukwangua na kupaka upya. Siku moja kabla ya kuondoka pitieni kila chumba pamoja na msimamizi mchana kweupe, mkimwonyesha kilichovunjika na mkimwonyesha pia kile mlichokikuta kimeharibika siku ya kwanza, ambacho mlikipiga picha mlipoingia. Baada ya hapo mwambieni awaitie punda saa moja kabla ya maji kupwa.